Hamira ya mahamri na seli zetu

Unga wa mahamri naukanda usiku baada ya isha: tui zito, sukari, iliki na hamira. Alfajiri huwa umeumuka hadi ukingo wa bakuli, na wateja wa hapa Langoni wanaanza kupita. Juzi binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, aliniuliza: "Shangazi, hamira ndiyo iliyokua usiku kucha?"

Kinachouinua unga ni gesi ya kabonidioksidi inayotoka hamira inapokula sukari. Lakini swali lake lilinifurahisha mno, kwa sababu hamira ni viumbe hai na kweli huzaana. Seli moja hutoa kichipukizi ubavuni, kichipukizi kinakua, kinapokea nakala kamili ya kromosomu 16 (nyuzi zinazobeba maelekezo ya urithi), kisha kinajitenga. Penye joto na chakula cha kutosha, kazi yote huchukua kama saa moja na nusu.

Nataka wanafunzi wetu waelewe kwamba seli haikurupuki kugawanyika. Hukua kwanza, ikanakili DNA yake, yaani maelekezo hayo ya urithi, ikakagua, ndipo igawanyike. Miaka ya 1970, Leland Hartwell wa Marekani alisoma mpangilio huo kwa hamira ya mikate. Alitafuta seli zenye kasoro ambazo kwenye nyuzijoto 23 ziligawanyika vizuri, lakini zikipelekwa 36 zote zilikwama hatua ileile. Kila mahali zilipokwama palimwonyesha jeni, yaani kipande cha DNA, inayohitajika hapo. Kwangu mimi huo ni ustadi wa hali ya juu: kuijua kazi ya kitu kwa kutazama kinachosimama kikiharibika.

Mtafiti Paul Nurse, huko Edinburgh, Uskoti, alitumia hamira ya aina nyingine, iliyopatikana mara ya kwanza karne ya 19 katika pombe ya Afrika Mashariki. Aliona seli zilizogawanyika kabla ya kufikia ukubwa wake wa kawaida, akaifuatilia kasoro hiyo hadi kwenye jeni zinazoamua wakati wa kugawanyika. Mwaka 1987, yeye na Melanie Lee walichukua hamira ambayo jeni yake muhimu ya kugawanyika ilikuwa na hitilafu, wakaipa jeni ya binadamu. Hamira ikagawanyika! Subhanallah. Jeni yetu ilifanya kazi ndani ya kiumbe ambaye ukoo wake ulitengana na wetu zaidi ya miaka bilioni iliyopita. Mwaka 2001 Hartwell, Nurse na mwanasayansi Mwingereza Tim Hunt walipewa Tuzo ya Nobel.

Ndiyo maana watafiti wa saratani wanaijali hamira: saratani ni seli zinazogawanyika bila kutii ukaguzi huo.

Nimemwambia binti achukue hamira kidogo, aikoroge kwenye maji vuguvugu yenye sukari, aiache kwa saa kadhaa, kisha aweke tone chini ya hadubini ya shule. Asihesabu seli tu, atazame vichipukizi. Kikiwa kidogo sana, seli ndiyo kwanza imeanza kunakili DNA. Kikikaribia ukubwa wa mama, kromosomu zinagawanywa au zimeshagawanywa.