Rambo kwenye mdomo wa injini

Julai 2009 baba mdogo alinikabidhi lori lake la tani 7 kule Njombe. Wiki tatu nilisomba viazi kutoka mashambani hadi stoo ya mjini: unakwenda kilomita nne, unazima, unangoja wapakiaji, unawasha tena. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi, na injini ilizimwa kabla haijapata moto sawasawa. Sikudhani hilo lina maana yoyote.

Siku tuliyopakia magunia 70 kwenda Dar, hata Makambako hatujafika, tandiboi akapiga bodi: “Kaka, tunafuka!” Moshi wa bluu ulikuwa umetanda barabarani nyuma yetu. Nilipofungua, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka chenyewe na oili imerukia ubavu mzima wa injini. Chini, pale injini inapokutana na gia boksi, tone linafuata tone.

Gereji ya kwanza Makambako, fundi alitazama moshi tu, hata spana hakushika. “Ringi zimekwisha. Injini ishuke.” Yaani zile pete za pistoni zinazozuia gesi isishuke. Milioni 3 na ushee, wiki mbili. Nilipompigia baba mdogo alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Lori lile ndilo lililokuwa likisomesha wanawe wanne.

Dereva mmoja akanielekeza kwa mzee aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti, nyuma ya wauza mbao. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia na habari ya ringi.

“Marahaba. Hizo ringi nani kaziona?”

Akaniagiza niwashe, niiache sailensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta. Akafungua kifuniko cha kuwekea oili, akavalisha pale mfuko wa rambo (siku hizo ulikuwa bado ruhusa) na kuukaza kwa kipande cha tyubu. Rambo likajaa mara moja, likasimama wima, gumu kama puto. Kisha akalegeza kibano na kuchomoa mpira unaotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwenda kwenye vali ya kupumulia. Pumzi ikatoka pu! kwa nguvu, halafu ikatulia, ikawa mvuke mwembamba tu. Na rambo likanywea, likalala.

“Ringi zingekuwa zimekwisha, hapa pangekuwa panapuliza kama garimoshi,” akasema. “Injini yako nzima, kijana wangu. Imezibwa pua.”

Akanieleza huku mikono ikiendelea na kazi. Hata injini mpya, kila silinda inapolipuka, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Lazima itoke, na njia yake ni vali ile, inayoirudisha kwenye paipu la hewa ikaungue. Njia ikiziba, presha inasukuma kijiti, inasukuma sili ya krenki kule penye gia boksi, na oili ya tabo (feni inayoisukumia injini hewa) inakosa pa kuteremkia, hivyo tabo inaivujisha kwenye hewa na injini inaiunguza. Ndio moshi wangu wa bluu.

Vali ilipofunguliwa nilishangaa. Ndani mlijaa kitu kizito, rangi ya chai ya maziwa, kinateleza vidoleni kama siagi. Ni maji na oili vilivyochapana. Injini isiyopata moto haiukaushi mvuke wake, na baridi ya Njombe ilikuwa imeugandisha humo safari baada ya safari, zile fupi nilizokuwa nikiziona nyepesi kwa gari.

Vyuma aliviosha kwa dizeli. Ule mpira mwembamba wa ndani ya vali hakutaka uguse mafuta; aliuosha kwa maji ya sabuni, akaunyoosha kwenye mwanga wa jua kutafuta tundu, akaurudisha na springi yake. Paipu nililisafisha mimi kwa waya na tambara mpaka tambara likatoka safi. Akajaribu tena na rambo. Safari hii halikuinuka. Alinitoza elfu 20, nami nikamshika mikono yote miwili.

Tulishusha viazi Dar, tukarudi na saruji. Kupanda Kitonga, tandiboi alining'inia dirishani akichungulia ekzosi kona hadi kona. Ilula nikaegesha, nikafungua, nikakishika kijiti: kimekaa, mpaka ukivute kwa nguvu. Nikampigia baba mdogo kumwambia.

“Hebu kashike tena,” akasema. Nikarudi nikakishika.