Usiku Mmoja Kando ya Mkuza wa Gesi

Basi lililotakiwa kuondoka Mbagala saa 12 asubuhi liliondoka saa 6 mchana. Magharibi ilipoingia, tulikuwa tumeipita Somanga na kuyumbishwa kwenye njia za mchepuo zilizobaki tangu mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara hiyo mwezi Mei, na hapo ndipo springi ya nyuma ilipokatika. Ilikuwa Agosti 2024, nami nilikuwa nikielekea Mtwara kumtazama mdogo wangu aliyepangiwa kazi ya ualimu huko. Nilikuwa nimelipa nauli ya shilingi 38,000 kwa kiti ambacho mgongo wake haukulala, na konda alipotutangazia kwamba fundi angefika na springi nyingine asubuhi, hakutaka kusikia habari ya kurudisha hata robo ya fedha hiyo. Vijana wa bodaboda walitaka shilingi 25,000 kumfikisha mtu Nangurukuru. Sikuwa nazo za kutupa.

Wanaume walilala ndani ya basi. Mimi na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi saba tulichukuliwa na bibi aliyekuwa akiuza ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kando ya barabara. Tulipomwamkia alijibu, "Marahaba wanangu," akamtazama mtoto, akasema kwamba kichanga hakilali barabarani, kisha akajitwika sinia lake na kutangulia. Hatukupewa nafasi ya kukataa.

Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, imeezekwa mabati, na sebuleni iliwaka taa moja ya umeme. Bibi alituonyesha taa ile kwanza, kabla ya mkeka na maji ya kunawa. Alikuwa ameunganishiwa kwa shilingi 27,000, bei ya mradi wa umeme vijijini, na alisema kwamba fedha hiyo aliitoa katika ufuta wa msimu mmoja. Jiko, hata hivyo, lilikuwa kibanda cha makuti chenye mafiga matatu, na moshi wa kuni mbichi ulitutoa machozi sote mpaka ugali wa muhogo na kisamvu vilipoiva. Nyuma ya kibanda, mwendo wa dakika chache, ulipita mkuza wa bomba la gesi, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba hilo. Nilizikumbuka alama zake nilizokuwa nikiziona dirishani mchana kutwa bila kuzitilia maanani.

Bomba hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na lilizinduliwa Oktoba 2015. Gesi yake, pamoja na ile ya Songosongo, kwa miaka mingi imezalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, kwa hiyo taa ya bibi haikuwa mbali na bomba kama nilivyodhani mwanzoni. Nilimuuliza kama mkuza ulimgusa. Alijibu kwamba ulichukua mikorosho yake sita na kwamba fidia aliyopewa ndiyo iliyonunua mabati yaliyokuwa juu ya vichwa vyetu. "Kwa mabati sina neno," alisema. "Ila korosho ilikuwa inakuja kila mwaka, na bati halizai."

Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nimezisoma taarifa za uchumi wa Tanzania kwa furaha ya mtu anayesoma habari njema za ndugu zake. Uchumi wetu umekua kwa wastani wa asilimia 6 hivi kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya karne hii, na Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Hata hivyo, kati ya 2011/12 na 2017/18 sehemu ya Watanzania wasiomudu mahitaji ya msingi ilipungua kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu. Kwa kuwa watu wenyewe waliongezeka, kutoka milioni 44.9 katika sensa ya 2012 hadi milioni 61.7 katika sensa ya 2022, ukuaji huo uligawanywa kwa midomo mingi zaidi kila mwaka. Mstari wa umaskini uliotumika 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani takribani 1,640 kwa siku. Nikiwa nimelala kwenye mkeka wa bibi nilipiga hesabu kwamba hata thamani ya fedha ya leo ikizingatiwa, nauli yangu ya safari moja ilikuwa chakula cha mtu kwa siku nyingi mno.

Sababu haijifichi. Madini, ujenzi na gesi hukua haraka lakini huajiri wachache, ilhali theluthi mbili hivi ya watu wetu wako shambani, ambako ukuaji ni wa taratibu na bei hupangwa mbali na mkulima. Bibi alitueleza jinsi anavyouza sehemu ya korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, mwezi Agosti, kabla hazijakomaa, kwa sababu mnada wa ushirika huja Oktoba na njaa haisubiri Oktoba. Mnunuzi anayempa fedha leo humlipa chini ya nusu ya bei ya mnadani. Mazao hayo yakishasafirishwa huingia katika pato la taifa kwa bei yake kamili, naye hubaki akifuata kuni kwa saa tatu.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa hicho. Yule mama mwenye mtoto alimuuliza bibi amezaa wangapi. "Tisa," alijibu, "wanne nimewazika kabla hawajaanza shule." Kisha akaongeza kwamba binti yake ana sita, na wote sita wako hai. Aliyasema hayo akimpapasa mtoto yule mgongoni, bila kupandisha sauti. Utafiti wa afya wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano, na ule wa 2022 ulikuta 43. Nilikuwa nimezisoma namba hizo ofisini na kuzipita. Maendeleo yalikuwa yamefika kweli katika nyumba ile, kwa chanjo, vyandarua na zahanati iliyojengwa karibu, na yaliishia kwenye mlango wa jiko.

Springi ilifika saa 4 asubuhi. Bibi alikataa fedha yangu, akakubali tu ninunue sinia lake lote la ming'oko.

Mtwara nilikaa siku nne, katika nyumba ya wageni ya shilingi 40,000 isiyokuwa na maji mchana. Mwaka 2013 watu wa mji huu waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kabla wao hawajaonja faida yake, na wengine walipoteza maisha. Mwenye nyumba aliniambia kwamba hapiki kwa gesi hiyo. Hununua mtungi wa gesi iliyoagizwa nje ya nchi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Mimi ni mzaliwa wa Geita, na mgodi wetu mkubwa wa kisasa wa dhahabu ulianza kuzalisha mwaka 2000. Usiku wa mwisho nilimpigia simu dada yangu tukahesabu pamoja. Mama alizika watatu. Sisi watoto wake, kati ya wajukuu kumi na mmoja, hatujazika hata mmoja. Nikamuuliza anapikia nini siku hizi. Alisema mkaa, na kwamba ndoo ndogo imepanda bei tena wiki ile.