Kijiwe cha milimita nne

Mwaka wa kwanza chuoni, mtihani wa calculus, lile tawi la hesabu, ukiwa umekaribia, ubavu wangu wa kushoto ulinishika usiku na haukuniachia. Maumivu yale hayana mkao: ulale, uinuke, uiname, yako palepale, kisha yanateremka hadi kinenani. Asubuhi nilipelekwa hospitali, nikachomwa sindano ya kutuliza, nikapigwa altrasaundi, nikakabidhiwa ripoti niipeleke kwa daktari.

Njiani nikaichungulia, nani asingeichungulia? Maneno mengi ya kitabibu sikuyaelewa. Lakini katikati yake lilikaa moja nililolijua kupita kiasi: calculus. Mbele yake, milimita 4.

Daktari aliniona nikicheka huku nimeshika kiuno. “Kulikoni, kijana?”

“Daktari, hili ndilo somo linalonikosesha usingizi.”

Akacheka na yeye. Alikuwa mtu mzima, wa wale wanaopenda kueleza. Akaniambia calculus kwa Kilatini ni kijiwe, tena kijiwe hasa, kwa sababu limetokana na calx, yaani chokaa, likapunguzwa umbo. Warumi walihesabu kwa kusogeza vijiwe juu ya ubao. Baadaye jina la kijiwe likawa jina la hesabu yenyewe. “Si tuna kokoto, na tuna kukokotoa?” akauliza, kisha akachora duara kwenye ripoti pale penye jiwe langu la figo. “Nyinyi watu wa hesabu mlichukua jina, mkatupa mawe. Sisi bado tunayo.”

Nilipewa vidonge, nikaambiwa ninywe maji mengi na nikojolee kwenye chujio, kwani jiwe la ukubwa ule mara nyingi hutoka lenyewe. Kungoja jiwe ni kazi ya ajabu, huna la kufanya ila kunywa na kukojoa. Nikahamia maktaba, karibu na choo, nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza badala ya daftari la mtihani.

Daktari alikuwa na haki. Celsus, aliyeandika juu ya utabibu katika karne ya 1, mawe ya kibofu aliyaita kwa neno hilohilo. Mshairi Ovid naye anasimulia desturi ya kale ya kupiga kura kwa vijiwe: cheupe kinamwachia mshtakiwa, cheusi kinamtia hatiani. Somo letu la calculus ndilo geni kabisa. Mwanahisabati Mjerumani Leibniz alipochapisha makala yake mwaka 1684, kwa Kilatini, alitangaza aina mpya ya calculus, maana yake njia mpya ya kukokotoa, basi. Newton, aliyeibuni njia hiyohiyo kivyake, alikuwa na jina lake, fluxions, nalo limebaki kwa wanahistoria. Ndiyo maana wanamantiki nao wana calculus zao ambazo hazina hata mteremko mmoja wa kukokotoa, na madaktari wa meno huuita hivyo ugaga. Mimi niliyedhani neno lile ni mali ya mhadhiri wetu nilijisikia nafuu kidogo. Kwa vijiwe, Kiingereza hutumia wingi wa Kilatini, calculi. Wingi huo sikuwahi kuusikia darasani.

Hata chaki aliyokuwa akiandikia ubaoni ni ukoo mmoja: Kiingereza cha kale kilichukua calx kikafanya neno lake la chaki, nasi tukalipokea kutoka huko.

Jiwe lilitoka siku mbili kabla ya mtihani, likalia ting kwenye chujio. Lilikuwa la rangi ya kahawia, lenye miiba, dogo mno kwa vurugu lililofanya. Nikalipeleka maabara kwenye kichupa. Majibu: oksaleti ya kalsiamu, kama yalivyo mawe mengi ya figo. Na kalsiamu, jina alilolitoa mwanakemia Humphry Davy mwaka 1808, nalo limetoka kwenye calx. Daktari alipoisoma karatasi ile alinitazama juu ya miwani, akasema, “Basi hilo ni calculus kwa jina na kwa damu. Kafanye mtihani.”