Jinsi tulivyoyaunganisha mabasi ya Kampala–Arua

Tulipotafuta njia ya mabasi yetu ya Kampala–Arua, huku Uganda, kutuma habari zake yakiwa safarini, muuzaji wa kwanza aliyekuja ofisini kwetu alileta bei ya redio za gigahezi 5.9, zile zinazowezesha magari kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Sina ugomvi na teknolojia hiyo. Kila gari hutangaza mahali lilipo, mwendo wake na uelekeo wake mara kumi kwa sekunde, na lililo nyuma likajua la mbele limefunga breki hata kabla dereva hajaona. Basi linaweza pia kuiomba taa ya barabarani iongeze sekunde chache za kijani. Ila redio hiyo inahitaji mwenzake. Kutoka Wandegeya hadi Kawempe, tukiwa bado ndani ya Kampala, gari gani lingeijibu? Tena saa ambazo basi linahitaji kupishwa ndizo saa ambazo askari wa trafiki amesimama katikati ya barabara akiongoza kwa mikono, taa ziwake zisiwake. Hata Marekani, waliotenga megahezi 75 kwa kazi hiyo mwaka 1999, mwaka 2020 waliamua kuipunguzia hadi 30. Nikamwambia mzee mwenye mabasi: hilo tuliache, tuanze na ujumbe ambao una mtu wa kuupokea.

Na watu hao walikuwepo. Karani wa vifurushi wa Nebbi, mji ulio kabla ya Arua, alikuwa akipigiwa simu usiku kucha: basi liko wapi? Fundi wa gereji alikuwa anaambiwa injini imechemka baada ya basi kuzima. Basi tukaandika karatasi moja tu: nani anataka habari gani, saa ngapi, na akiipata atafanya nini. Habari isiyo na mtu wa kuifanyia kazi tuliifuta.

Kisha nikapanda basi la usiku, nikakaa nyuma ya dereva na simu mbili za mitandao tofauti, nikiandika kila pahali mtandao ulipopotea. Baada ya Karuma, barabara inapopakana na hifadhi ya Murchison, yapo maeneo ambayo simu zote mbili zilinyamaza. Kwa hiyo tulichagua kifaa cha kufungwa ndani ya basi, kinachosoma mahali lilipo na hali yake na kutuma kwa mtandao wa simu, chenye kumbukumbu yake na nafasi ya laini mbili: mtandao ukikatika kinahifadhi, ukirudi kinatuma. Hapo kuna mtego. Habari iliyochelewa ikifika, kompyuta inaweza kuichukulia kama ya sasa hivi na kumwamsha karani bure. Nikaweka sharti: hesabu saa ambayo kifaa kilisoma, usihesabu saa ambayo seva ilipokea, na zikipita dakika kumi tangu kifaa kisome usitume ujumbe kwa mtu yeyote.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye waya, na hili vitabu vya wauzaji hulipita haraka. Basi lina umeme wa volti 24, lakini starta inapozungushwa umeme huanguka kwa ghafla, na kifaa cha bei rahisi huzima na kuanza upya. Waya mwekundu tuliutoa moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri. Waya wa swichi tuliuunga kwenye funguo, ili kifaa kijue injini imewashwa na kipunguze kutuma basi linapolala, vinginevyo betri inakutwa imekufa asubuhi. Waya wa hasi tuliufunga kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukiufunga juu ya rangi, basi likianza kuruka mashimo kifaa kinawaka na kuzima, na utalaumu mtandao bure.

Madereva ndio walionihofisha. Mmoja, mtu wa makamo aliyeendesha njia hiyo miaka mingi, aliniuliza mbele ya wenzake, "Fundi, hiki ni cha kulinda basi au cha kunichunga mimi?"

"Vyote viwili, mzee," nikamjibu. "Ukipita 80 kitalia ndani ya kebini kwanza. Ukipunguza, ofisi haipigiwi."

Hilo liliwaridhisha kuliko hotuba yoyote. Tuliandika pia nani anaruhusiwa kuona rekodi zao na kwa muda gani, maana Uganda ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na rekodi ya safari ya dereva ni habari yake binafsi. Fyuzi za vifaa, ambazo baadhi ya madereva walikuwa wakizing'oa ili kukizima, ziliacha kung'olewa.

Kituo chetu cha habari kikawa daraja la Pakwach. Basi likivuka, karani wa Nebbi na wa Arua wanapata SMS fupi ya Kiswahili, "Basi la saa tatu limevuka Pakwach," naye karani anawaita wenye mizigo na bodaboda wake. Programu ya simu tuliikataa; SMS inaingia hata kwenye kitochi.

Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024 na magari kupelekwa njia nyingine, mipaka yote tuliyochora kwenye ramani ya kompyuta upande ule, ile ambayo basi likiivuka ujumbe unatumwa, ilikosa maana. Tangu hapo kuibadilisha ni kazi ya msimamizi wa safari mwenyewe, kwa kompyuta yake, bila kumsubiri muuzaji.

Kwenye mkataba tulishikilia vifungu viwili: data zote ni za kampuni na zinapakuliwa wakati wowote, na bando la laini linalipwa kabla ya mafuta ya mwezi kugawiwa. Mhasibu alikipinga cha pili. Mzee akatia saini.