Pundamilia wa Tatu

Pundamilia wa kwanza alivuka tukiwa bado mbali. Wa pili alivuka baba mdogo akiwa ameshashusha taa, amepunguza mwendo na kushika honi. Wa tatu ndiye tuliyemgonga.

Ilikuwa Novemba 2018, saa moja na nusu usiku, kati ya Minjingu na Kwakuchinja. Tulikuwa tunarudi Arusha na Hilux kuukuu yenye magunia 10 ya mchele wa Magugu. Kipande kile cha lami kimekatiza mapito ya wanyama wanaotoka Tarangire kwenda upande wa Ziwa Manyara. Vuli ikianza wanauacha mto na kutawanyika nje ya hifadhi, na maji yanayotiririka kutoka kwenye lami huotesha majani pembeni mwa barabara kabla ya kwingine kote. Basi wanakuja kula hapohapo. Na pundamilia hufuatana: ukishamwona mmoja, hesabu kuna mwingine gizani anayekuja nyuma yake.

Baba mdogo alikanyaga breki gari likiwa limenyooka, hakukata usukani. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakumkwepa, alicheka. "Na tani nzima mgongoni? Ningemkwepa yeye, sisi tukalala matairi juu." Twiga, alisema, ana hesabu yake: taa zinamulika miguu tu, ukiipiga, mwili wote unakuja kwenye kioo. Kwa twiga hakuna ujanja wa breki, ni mwendo mdogo tangu mwanzo. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, na sekunde ya kwanza huisha kabla mguu haujafika kwenye breki.

Nikashika kitasa nishuke. Akanizuia.

Alivuta hendibreki, akawasha taa za tahadhari, akazima injini, kisha akamulika tochi kupitia dirishani: mbele, nyuma, majanini. Aliyebaki nyuma ya kundi anaweza kukurupuka muda wowote, na harufu ya damu haichelewi kuita fisi. Alipotulia ndipo akanipa pembetatu. "Hatua 60 nyuma, tembea pembeni, uso uelekee magari yanakotoka." Mbele tulitega tawi la mgunga. Mawe alikataa kabisa. Ni kweli, mawe yanayoachwa barabarani baada ya gari bovu kuondoka yameshaua watu wengi mno, na bado tunayapanga kila siku.

Mnyama alikuwa ameanguka ukingoni, kiuno kimevunjika, kichwa anakiinua na kukilaza. Nilitaka kumsogelea. Pundamilia aliyelala bado ana mateke yanayovunja mguu wa mtu, na meno yake si ya mchezo. Kumchinja ili asiteseke nako hakuruhusiwi, hata ukiwa na huruma kiasi gani: anayeamua ni askari wa wanyamapori.

Baba mdogo alipiga 112, kisha akampigia mwenyeji wake Kwakuchinja amtafute askari wa jumuiya ya hifadhi, ile ya vijiji inayotunza wanyamapori kwenye ardhi yao. Pale ni nje ya mipaka ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo habari huenda polisi na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) au askari wa jumuiya, yeyote atakayepatikana mapema. Alitaja mambo manne tu: tuko wapi, mnyama gani, yuko hai au amekufa, kuna mtu aliyeumia au hakuna. Akaniambia hata mnyama angekimbia porini tungepiga simu vilevile. Nyati aliyejeruhiwa usiku ndiye anayemngoja mchungaji asubuhi.

Bodaboda mbili zilifika kabla ya askari. Mmoja alikuwa na panga. "Mzee, paja moja tu, nani atajua?"

"Wadogo zangu, huyu si wangu wala si wenu. Ni nyara za Serikali."

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama, ngozi, mkia, hata kwato ukikutwa nazo bila kibali ni kesi, na kesi hizo hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Kugonga kwa bahati mbaya hakukupi umiliki. Tena ile ni nyama isiyopimwa, na ukanda huu tunaijua kimeta.

Tukageukia gari. Bampa lilikuwa limekunjwa, grili imepasuka, taa ya kushoto haipo. Kwa macho ya haraka ni gari la kuendelea na safari, na mimi nilikuwa naomba twende. Baba mdogo aliingiza mkono, injini imezimwa, akazungusha feni taratibu. Ikakwaruza. Rejeta ilikuwa imesukumwa nyuma, panga la feni linaigusa, na chini maji ya kijani yanadondoka tone kwa tone. Hapo ndipo madereva wengi huharibikiwa: wanaondoka, geji inapanda, wanafungua kifuniko cha moto na kuungua, au wanakaza mwendo mpaka silinda hedi inapinda. Tungeondoka, injini ingekufa kabla ya Makuyuni.

Askari wawili walifika baada ya kama saa moja. Mmoja alipiga risasi moja. Waliandika leseni, namba ya gari, saa na mahali, wakapima alama za breki, kisha tukasaidiana kumvuta mbali na lami kwa kamba, mikono tumeivalisha mifuko ya plastiki. Mzoga ukibaki barabarani, fisi anayekuja kuula ndiye anayegongwa usiku uleule, na asubuhi ni zamu ya tai.

Polisi walituchukua maelezo kesho yake. Ripoti ile ndiyo bima huiomba kwanza, pamoja na picha, na gari halitakiwi kuguswa na fundi kabla halijakaguliwa. Kwetu haikusaidia kitu, tulikuwa na bima ndogo, ambayo hulipa hasara ya mwingine, si ya gari lako. Brekidauni na rejeta vilikula faida yote ya mchele.

Gereji ya Unga Limited, mjini Arusha, fundi alipofungua grili, alichomoa kwa koleo shungi la manyoya ya shingo, meupe na meusi, refu kama kidole, lililokuwa limenasa kwenye kondensa. Zuri kweli. Nikalipokea, nikalitia mfukoni.

Baba mdogo alinyoosha kiganja bila kuniangalia.

"Lete."

Akalipeleka mwenyewe kituoni, limefungwa kwenye gazeti.