Makaburi ya mabaharia, Kisiwa cha Chapwani

Kutoka Forodhani hadi Chapwani kwa boti ya mashine hakuna mwendo mrefu. Nilimwomba nahodha apunguze mwendo tukiwa nje kidogo ya bandari, akanielekeza kwa mkono: "Pegasus imelala upande ule, mwanangu. Wapiga mbizi huwa wanaishukia."

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Waingereza ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, haiwezi kung'oa nanga upesi. Königsberg ya Wajerumani, iliyokuwa ikijificha kwenye delta ya Rufiji, ikaja ikaishambulia kwa mbali. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yaliishia majini. Hapo ndipo roho inaponiuma kila nikiisoma habari hii: mtu anapakia, anafyatua, anaona kombora lake linapiga maji, kisha anapakia tena. Walikufa watu 38, na meli ikazama siku hiyohiyo.

Makaburi yako chini ya miti, na paa wadogo wa kisiwani wanapita katikati bila wasiwasi. Nilipita taratibu nikisoma majina. Wengine ni wa zamani zaidi, mabaharia waliokufa karne ya 19 wakati meli za Uingereza zikiyasaka majahazi ya watumwa. Kwa hao nilisimama muda mrefu.

Königsberg nayo haikupona. Iliangamizwa hukohuko Rufiji mwezi Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, akaitumia kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja nimeuona Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Niliweka kiganja juu ya chuma cha ule wa Königsberg, kilikuwa cha moto kwa jua, mnene kuliko nilivyodhani. Chuma hicho kilitolewa kwenye tope la mikoko kikaburutwa kwa kamba hadi Dar es Salaam, na waliokiburuta ni mamia ya Waafrika. Chapwani baharia ana jina lake na meli yake juu ya jiwe. Mpagazi wa Rufiji aliyeanguka njiani hana hata alama.

Kwa hiyo mwongozaji wa wageni utakayempata Fort Jesus, muulize kwanza habari za wapagazi, ndipo mwende kwenye manahodha na majenerali.