Nozeli Imefungwa

Watu wakijua nimefanya kazi zimamoto huniuliza habari za moto. Ukweli ni kwamba mimi moto nimeuona kidogo kuliko wanavyodhani. Mwendesha pampu husimama ubavuni mwa gari, jengo linaloungua liko mgongoni kwake, macho kayakaza kwenye geji. Wenzake wanapanda. Yeye anabaki na injini, redio na hesabu zake. Usiku ninaousimulia nilisimama hivyo karibu saa nzima, lakini kinachonirudia hadi leo ni dakika sita za mwanzo.

Jengo lilikuwa la ghorofa tisa, nyumba za kuishi, na moto ulikuwa ghorofa ya saba. Gari letu lilitangulia kufika. Moshi ulikuwa unatoka dirisha moja tu, mweusi, unatoka kwa nguvu kama unasukumwa, na mwenye uzoefu akiona moshi wa namna hiyo anajua chumba hakijawaka chote bado, ila hakina muda mrefu. Ilikuwa kazi ya kuwahi. Ukipeleka nozeli moja, yaani kile kichwa cha mpira kinachotema maji, mlangoni kwa wakati, unazima chumba kimoja na kurudi kituoni.

Jengo lilikuwa na bomba kavu. Kwa asiyelijua: ni bomba la chuma linalopanda toka chini hadi juu, halina maji ndani siku zote. Chini, nje ya ukuta, kuna midomo ya kuingizia maji. Kila ghorofa kuna valvu ya kutolea. Juu kabisa kuna kidude kinachoachia hewa. Zimamoto wakifika, gari linasukuma maji kwa chini, wapandaji wanaunga mpira wao kwa juu, na hakuna anayelazimika kuburuta mpira uliojaa maji kwenye ngazi. Mpira wa milimita 65 wenye urefu wa mita 20 unabeba maji ya kilo 66. Buruta huo hadi ghorofa ya sita, kisha uniambie kama una pumzi ya kuingia kwenye moshi. Bomba kavu ni rehema. Ila ni rehema inayotegemea kwamba kila valvu, kila ghorofa, imefungwa.

Wawili walipanda na mipira miwili ya milimita 45 mabegani, nozeli, na mitungi ya hewa mgongoni. Kanuni yetu ilikuwa kuunga ghorofa moja chini ya moto, kwa hiyo walikuwa wanaelekea ya sita. Kamanda alizunguka nyuma ya jengo kuangalia kama kuna watu madirishani. Mwenzetu wa nne alikimbilia haidranti, ile bomba ya barabarani ya kuchotea maji ya zimamoto, mita kama sitini kutoka tulipoegesha. Mimi niliunga mipira miwili kwenye midomo ya bomba, nikaingiza pampu, nikafungua maji ya tangi.

Tangi letu lilikuwa la lita 1,800. Nozeli ile ilikuwa inakunywa kama lita 400 kwa dakika, maana yake nilikuwa na dakika nne na ushei kabla sijahitaji haidranti. Hesabu ya presha niliifanya kwa vidole kama kila siku: nozeli inataka bar 7, kila mita 10 za kupanda zinakula bar 1, na ghorofa ya sita iko mita kama 18 juu, basi weka 2, msuguano ndani ya mipira, weka moja na nusu. Jumla kumi na nusu. Nikasema kumi na moja, nikajiona fundi.

Maji yalianza kushuka kwenye tangi. Sikushtuka. Bomba tupu lazima linywe kwanza: la milimita 100 lenye urefu wa mita 27 linameza lita zaidi ya 200 kabla halijajaa. Nikasubiri. Tangi likashuka hadi robo tatu, likaendelea kushuka.

Redio ikaita. "Pampu, tupe maji."

"Maji yapo njiani."

Kimya kidogo, halafu: "Pampu, mpira umelegea kama soksi. Tupe maji, kaka!"

Geji yangu ilikuwa inasoma bar 5 wakati nilitaka 11. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sababu ya jambo nililokuwa nalijua. Darasani tulikuwa tumefundishwa habari za jengo la One Meridian Plaza, Philadelphia, Marekani, Februari 1991. Ghorofa 38, moto ulianzia ya 22. Valvu za kupunguza presha zilizokuwa kwenye mabomba ya jengo lile zilikuwa zimerekebishwa kutoa presha ndogo mno, askari wakaunga mipira yao wakapata maji yasiyo na nguvu. Watatu kati yao walikufa usiku ule. Moto ulipanda hadi ghorofa ya 30, na kilichousimamisha pale si sisi watu wa mipira, ni vinyunyizio 10 vya dari. Mwalimu wetu aliisimulia habari ile kwa uchungu kiasi kwamba iliniganda kichwani. Kwa hiyo niliposikia "mpira umelegea," akili yangu ilikimbilia Philadelphia moja kwa moja: kuna kitu huko juu kinaiba presha, dawa yake ni kusukuma zaidi.

Nikaongeza resi. Geji ikapanda 6, ikapanda 7. Injini ikanguruma kwa uzito, mngurumo wa gari linalopanda mlima na mzigo. Nikawauliza juu, wakasema nozeli inatema, inakata, inatema. Nikaongeza tena.

Hakuna nilichokuwa nimekifikiria hadi mwisho. Jengo la ghorofa tisa lenye bomba kavu halina sababu ya kuwa na valvu za kupunguza presha. Hizo huwekwa kwenye majengo marefu ambako pampu za jengo lenyewe zinasukuma maji kwa nguvu ya kumrusha mtu. Nililijua hilo pia. Ila ukiwa na hofu unakamata jibu la kwanza linalokujia, na la kwangu lilikuwa na majina na tarehe, likaonekana la kisomi.

Wakati huohuo mlinzi wa jengo alinijia. Mzee mmoja mwembamba, kashika tochi, suruali imelowa hadi magotini. Akasema, "Afande, maji yanatiririka ngazini."

Nikamjibu bila kugeuka: "Mzee wangu, moto unazimwa kwa maji. Rudi nyuma tafadhali."

Akarudi nyuma. Alinitii. Mara nyingi nimetamani angenibishia.

Sekunde chache baadaye taa ya mwisho ya tangi ikazimika. Pampu ya aina ile ikikosa maji haifi kimya, inalia, sauti inapanda ghafla kama gari lililotoka gia, na sindano ya geji inaanguka hadi sifuri. Lita 1,800 zilikuwa zimekwisha kwa muda usiofika dakika tatu, na juu hapajazimwa hata pazia. Mwenzangu wa haidranti alikuwa bado anapigana na kofia ya shaba iliyong'ang'ania, anaipiga kwa ufunguo wa haidranti, nasikia kang, kang, kang.

Kofia ilipoachia, maji yakaja. Mpira wa kuleta maji ukajaa, ukanyooka, nikashukuru. Nikapandisha resi kama mwanzo, na mbele ya macho yangu mpira ule ukaanza kunywea, ukalala bapa kama utepe. Nilikuwa nayavuta maji kuliko haidranti ilivyoweza kutoa. Kwa nozeli moja ya lita 400? Haidranti dhaifu kabisa inaimudu nozeli moja. Hapo ndipo wasiwasi wa namna nyingine uliponiingia, ule unaoanzia tumboni.

Redio tena, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayehema ndani ya barakoa. "Tumefunga nozeli. Tunarudi kwenye ngazi. Joto limezidi, moto umeshapita mlangoni."

Nozeli imefungwa.

Niliangalia geji, halafu nikaacha kuiangalia, nikasikiliza. Nozeli ikifungwa, maji hayaendi popote. Pampu inabaki kuyakoroga yaleyale, injini inapata nafuu, sauti inapanda na kuwa nyepesi, na sindano ya presha inaruka juu. Kila mwendesha pampu anaijua sauti hiyo kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Lakini injini yangu ilikuwa bado inabeba mzigo. Nzito vilevile. Mtu wa juu ameniambia hanywi, na maji bado yanakwenda. Basi kuna mwingine anayekunywa.

Nikakumbuka suruali ya mlinzi.

Nikapiga kelele kwenye redio: "Kuna valvu iko wazi chini yenu! Angalieni ghorofa za chini!" Kisha nikamtafuta yule mzee kwa macho, nikamkimbilia, nikamshika mkono. Nilimuuliza maji yanaanzia wapi. Akasema, "Ya pili, afande. Nilikuja kukwambia."

Gari la pili lilikuwa linaegesha. Kijana mmoja akaruka nalo likiwa bado linatembea, nikampa spana kubwa ya mabomba badala ya mpira, nikamwambia ghorofa ya pili. Baadaye alinisimulia kwamba maji yalikuwa yanatoka kwenye lile tundu kama nguzo, yanapiga ukuta wa mbele na kushuka ngazi kama mto, na valvu haikuwa na usukani. Umebaki ule msumari wa chuma tu ambao usukani hukaa juu yake. Aliubana kwa spana, akazungusha, akateleza, akabana tena, uso mzima ndani ya maji.

Mimi nilijua amefanikiwa kabla hajasema. Injini ilibadilika sauti. Nikawahi kushusha resi, maana mzigo ule ukiondoka ghafla presha yote inakwenda kwa walioshika nozeli, na presha ya kupita kiasi inaweza kumwangusha mtu ngazini. Bar 14, 12, nikatulia kwenye 11. Sindano ikasimama wima, imetulia, kama nilivyotaka dakika sita zilizopita.

"Pampu, mpira umejaa."

"Fungueni taratibu."

Sauti ya injini ikashuka kidogo, nzito kidogo, sawasawa na lita 400. Sijawahi kupenda sauti ya mashine kama nilivyoipenda ile.

Kuzima kwenyewe hakukuchukua muda. Mpira wa pili ulipandishwa, watu wa gari la pili wakaingia, moto ukakatwa. Lakini ile nyumba iliungua hadi plasta ikabanduka, na moto ulikuwa umeshapita mlangoni kwenda kwa jirani wa mkabala, ukamla sebule na chumba kimoja. Wenyewe walikuwa wametoka wote. Mwenzangu mmoja aliungua masikio, juu ya shingo, sehemu ambayo kofia na kola havikutani vizuri. Siku kadhaa alikuwa anatania kwamba sasa ananisikia vizuri zaidi kwenye redio. Nilicheka naye kwa sababu alihitaji nicheke.

Kulipopambazuka ilibidi tulikamue bomba. Nilifungua valvu ya chini ya kumwagia, maji yakatoka rangi ya kutu, na pamoja nayo vifuniko vya chupa, karatasi za peremende, na kipande cha kijiti cha ufagio. Watoto walikuwa wamevitumbukiza kwa miaka. Kimoja tu cha hivyo kikikwama kwenye nozeli ya ukungu, ile inayotawanya maji na ambayo matundu yake ni membamba, kingetutosha. Ndiyo maana wako wanaopendelea nozeli ya tundu moja wazi kwenye majengo ya namna hii, na siku ile niliacha kuwabishia.

Halafu nikapanda ghorofa ya pili, peke yangu. Nilitaka kuiona. Valvu ilikuwa pale, nyekundu, imekwaruzwa na spana hadi shaba inang'aa. Nikainama kuangalia kama usukani umeanguka sakafuni. Sikuuona. Niliuona nilipogeuka: mlango wa ngazi, ule mzito wa kuzuia moshi unaotakiwa kujifunga wenyewe, ulikuwa umeachwa wazi, na kilichouzuia usijifunge ni gurudumu dogo jekundu lililobanwa chini yake.

Mama mmoja alikuwa anafagia maji kutoka mlangoni kwake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kama anajua nani aliifungua valvu ile. Hakusita hata kidogo.

"Ni sisi, mwanangu. Maji yalipokatika ile wiki nzima, tulidhani huenda hapo yapo. Tukafungua, wapi! Hewa tupu. Tukaliacha hivyohivyo. Lile bomba halijawahi kutoa hata tone, tangu nimehamia hapa."

Akasukuma maji mengine kwa ufagio, yakashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nikauchomoa usukani chini ya mlango. Mlango ukajifunga polepole nyuma yangu.